Kilimanjaro Haiulizi Ulizaliwa Wapi

Taja safari ya Kilimanjaro kwenye baraza la Jaws Corner, Unguja, na kabla kahawa haijapoa utakuwa umeshapewa sababu tele za kutokwenda, na ushauri juu yake. Mengi ya hayo si kweli, na mengine ni ya hatari.

Kwanza utaambiwa kule juu oksijeni imekwisha. Haijaisha. Iwe Forodhani au kilele cha Uhuru, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo: kwenye mita 5,895 hubaki kama nusu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni nusu tu. Aliyepanda ndege kwenda Maskati ameshaionja hali hiyo kidogo, maana hewa ya ndani ya ndege kubwa kwa kawaida hulingana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400.

Kisha eti damu ya mtu wa pwani haiuwezi mlima, kwani Unguja yenyewe pa juu kabisa ni Masingini, mita 120 hivi. Mchaga ndiye wanayemtolea mfano. Lakini vijiji vingi vya Wachaga viko kati ya mita 1,000 na 1,800, ilhali maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kwenye mita 2,500. Kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700, mkaazi wa Marangu ni mgeni sawa na wa Makunduchi. Watu hutofautiana kweli, ila mmoja mmoja, wala huwezi kumjua mtu kwa kumtazama.

Wajuzi zaidi husema mwili huzoea kwa kutengeneza damu mpya. Hapo wamegusa nusu ya jambo. Homoni ya kuchochea damu hupanda ndani ya saa chache, lakini chembe nyekundu za kutosha huchukua wiki kadhaa, na safari yenyewe ni siku tano hadi nane. Kazi ya siku hizo hufanywa na pumzi na figo. Vihisio vidogo vilivyomo shingoni vikigundua oksijeni imepungua, pumzi huongezeka. Ukipumua sana, unatoa kaboni dioksidi nyingi, asidi ya damu inashuka, na ubongo unaizuia pumzi isizidi. Ndiyo maana usiku mwenzako hemani huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, halafu akavuta pumzi kwa kishindo, nawe ukabaki macho ukimsikiliza. Figo ndizo zinazosuluhisha: hutoa bikaboneti kwenye mkojo, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na pumzi ikapata ruhusa ya kupanda tena. Waongozaji wanaposema “pole pole”, wanazisubiri figo zako.

Kwa hiyo si kweli kwamba vidonge vya Diamox vya maradhi ya mwinuko huficha dalili tu. Huzihimiza figo kutoa bikaboneti hiyo hiyo. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Maji mengi? Kunywa yakutoshe, lakini hayazuii maradhi haya.

Hoja ya ujana na nguvu ndiyo inayonikera. Kijana anayecheza mpira uwanja wa Mao Zedong kila jioni hana kinga yoyote. Tena mapafu mazuri humtia tamaa ya kwenda mbio, na mwendo wa haraka ndio unaoumiza. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni akiwa na miaka 89.

Baya kuliko yote ni lile la “kaza roho”. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika hapo ulipo, usipande mpaka kitulie. Lakini mtu akikohoa na kuhema hata akiwa amekaa, au akisema ovyo, maji yanaingia mapafuni au ubongo unavimba. Mwambie atembee kwa mstari, kisigino mbele ya kidole. Akiyumba, ateremshwe saa ile ile, ijapokuwa ni usiku na kilele kinaonekana.