Mkubwa Akiondoka, Hesabu Ibaki

Kuna desturi iliyoenea katika makampuni makubwa na katika vyama vya wakulima pia. Shughuli ikianguka, mkubwa huondolewa, mwingine huketi katika kiti chake, na watu hushusha pumzi wakidhani shauri limekwisha. Ndugu msomaji, yafaa tulipime wazo hilo kwa mfano uliotokea kwa jirani zetu, yaani Mpango wa Karanga wa Tanganyika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilishauriwa kwamba ekari 3,210,000 zilimwe karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwaka 1947. Mwaka ule zilitarajiwa ekari 150,000; zilizopandwa hazikufika 10,000. Vichaka viliyashinda matrekta, udongo ulikauka ukawa mgumu kama jiwe, na mvua ilikuwa haba, jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angaliweza kulieleza kama angaliulizwa.

Mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa shirika la Serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Sir Leslie Plummer. Wakaguzi walipozitazama hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, walisema kwamba vitabu havikutunzwa kama ilivyopasa.

Je, nani aliyewajibishwa? Novemba 1949 Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, aliwafukuza wajumbe wawili wa halmashauri, Bwana Wakefield na Bwana Rosa. Mwenyekiti alibaki hadi mwaka 1950. Waziri mwenyewe alihamishiwa Wizara ya Vita mwaka uo huo. Januari 1951 Serikali ilitangaza kuuacha mpango, na pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Mzigo ukawa wa mlipa kodi wa Uingereza. Kabla mwaka ule haujaisha, Sir Leslie alikuwa amechaguliwa kuingia Bungeni.

Hatusemi kwamba mabwana hao waliiba. Neno letu ni hili: mwenyekiti mpya hawezi kuleta mvua. Mpango ulikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ulikubaliwa kwa haraka, bila kwanza kujaribiwa katika shamba dogo. Kubadili watu bila kukiri kosa la mpango ni sawa na kubadili nahodha katika jahazi lililotoboka.

Wengi wetu tu wanachama wa ushirika wa kahawa, wa chai au wa maziwa, na makarani wengi miongoni mwa wasomaji ndio wanaoshika daftari za vyama hivyo. Wao wanajua kwamba hasara ikionekana, mara nyingi karani ndiye wa kwanza kufukuzwa, ingawa hakuitoa amri yeye.

Kwa hiyo, siku mtakapotaka kumwondoa mwenyekiti au meneja, msianze na kura. Kwanza taarifa ya mkaguzi isomwe mbele ya mkutano mkuu, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa. Iulizwe ni nani aliyeidhinisha matumizi, na ni nani aliyeonya asisikilizwe. Mwenye kulaumiwa apewe nafasi ya kujibu, na majibu yake yaandikwe. Ndipo kura ipigwe. Wala asichaguliwe kushika nafasi yake mtu aliyeketi naye katika halmashauri akaona mambo yakiharibika, naye akanyamaza.

Kumfukuza mkubwa kwa hasira, pasipo hesabu, ni dhuluma kama hana kosa. Na kama analo, ni kumfanyia hisani, maana ataondoka na majibu yote, nanyi mtabaki na deni.