Ndege ya Dogo wa Buseresere Hairuki, Sawa. Kwani Mlichungulia Ndani?

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Katoro na Buseresere mpaka ikafika Instagram. Ni fupi tu. Dogo mmoja kasimama mbele ya fremu ya fundi simu, kakumbatia ndege aliyoitengeneza kwa mikono yake, ndefu kuliko mita moja, mkiani kachora twiga. Anayerekodi anauliza swali moja: "Inaruka?" Dogo anajibu kwa sauti ya chini, "Hapana." Kicheko. Klipu imeisha.

Mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao akaichukua, akaiwekea sauti ya kuku anayekimbizwa, akaandika "Boeing ya Geita hiyo." Watu wakamwaga emoji za kucheka, yeye akapata kiki yake, maisha yakaendelea.

Haikupita wiki, mheshimiwa mmoja naye akafika na gari lake jeusi. Picha zikapigwa. "Huyu ndiye injinia wetu wa kesho," akasema. Makofi. Wakati wa kuondoka, msaidizi wake akamwambia dogo aiache ile ndege, eti ikakae ofisini kwa mheshimiwa kama kumbukumbu. Dogo akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mheshimiwa, naomba laki moja na nusu." Kimya. Halafu kicheko tena. Gari likaondoka, na mtaani likabaki neno moja: dogo ana tamaa.

Sasa ukweli usemwe, hata kama utauma. Aliyecheka na aliyesifia wamefanya kosa lile lile. Hakuna hata mmoja aliyeinama akachungulia chumba cha rubani.

HUMO NDANI KUNA NINI?

Ile ni Dash 8 Q400, ile ya mapangaboi mawili. Ndege halisi ina urefu wa mita 32.8. Dogo aliupata urefu huo kwenye simu, akagawanya kwa 24, akapata mita 1.37 hivi. Kuanzia hapo kila kitu kikafuata hesabu hiyo: cha sentimita 24 kwenye ndege ya kweli kinakuwa sentimita 1 kwenye yake. Rubani wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 7 tu.

Mwili ni lile povu jeupe linalokuja na TV mpya. Hilo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulikata. Kazi iko mbele. Paa la chumba cha rubani linafunguka kama mfuniko. Ndani kuna viti viwili, vimechongwa kwa wembe kutoka kwenye soli ya kandambili na kuvikwa kitambaa cha koti kuukuu. Mikanda ni nyuzi za kamba ya kiatu. Usukani ni waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua. Mikono ya kuongeza nguvu za injini, pale katikati ya marubani, ni pini za kushonea. Skrini tano kubwa za dashibodi kazichapisha steshenari, akazipunguza mpaka zikawa saizi ya punje ya hindi, akazifunika na vipande vya protekta ya simu. Swichi za juu ya vichwa vya marubani ni vipande vya bodi ya simu mbovu. Nyuma yake kuna taa ndogo ya tochi. Ukiwasha, dashibodi yote inang'aa.

Viti vya kwanza alivitupa. Alipomkalisha rubani wake wa sentimita 7, kichwa kiligonga paa. Akarudia. Vya pili vikawa vipana, mikono ya injini ikakosa nafasi. Akarudia tena. Miezi minne hiyo. Na huyu dogo hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Alichofanya ni kuangalia video za marubani, anasimamisha, anahesabu swichi, anachora kwenye daftari, bando likiisha anasubiri kesho.

Halafu mtu mzima anauliza eti inaruka?

NG'OMBE WA UDONGO ANATOA MAZIWA?

Mtoto wa Kisukuma akifinyanga ng'ombe wa udongo, hakuna bibi anayemuuliza kama anatoa maziwa. Watu wanaangalia nundu imekaaje, pembe zimepindaje. Fundi wa Kimakonde akichonga kinyago, hakuna mtalii anayeuliza kama kinatembea. Anauliza bei. Kwa nini basi ndege ya mfano ndiyo ilazimishwe kuruka?

Kuna watu ambao swali la kuruka linawahusu. Tunduma kuna fundi aliyewahi kuunda helikopta yake. Nyeri, kule Kenya, kuna jamaa alihangaika miaka na miaka kujiundia ndege ya kupanda mwenyewe. Hao lazima waulizwe, tena na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu mtu akipanda juu na kikafeli anakufa. Dogo wa Buseresere hajasema anataka kupaa na povu la TV. Anatengeneza mfano. Ni ufundi mwingine kabisa, na dunia inaujua na kuulipia.

Kule Jamhuri ya Czech kuna kampuni inaitwa Eduard, sehemu kubwa ya jina lake imejengwa na vitu vya ndani ya chumba cha rubani cha ndege za mfano: mikanda, dashibodi, viti, vyote vidogo kama kucha. Watu wazima wenye kazi zao wanaagiza na kulipa. Ufilipino, jirani na iliyokuwa kambi ya jeshi ya Clark, mafundi wa kuchonga mbao wamefanya mifano ya ndege kuwa biashara ya kuuza nje. Na nyie wapenzi wa muvi, mnaijua Star Wars ya mwaka 1977? Vile vyombo vya angani vilivyowatoa watu macho, mafundi wake walinunua mifano ya plastiki ya vifaru na ndege, wakaivunjavunja, wakabandika vipande juu. Hollywood ikifanya hivyo inaitwa ubunifu. Buseresere ikifanya hivyo inaitwa takataka.

LAKI NA NUSU NI TAMAA?

Haya, hesabu nyepesi. Miezi minne ni siku kama 120. Laki moja na nusu gawanya kwa 120, ni shilingi 1,250 kwa siku. Hapo gundi, rangi, betri na bando havijatolewa. Hiyo ndiyo tamaa? Meza ngapi za mawakala wa tiketi zina ndege ya mfano iliyotoka kiwandani ng'ambo, imelipiwa na usafiri juu, na ukichungulia kwenye kioo cha mbele unakuta rangi nyeusi tupu, ndani hamna kitu?

Uwanja wa ndege wa Geita upo humo humo wilayani Chato, na ndege zenye twiga zilianza kutua pale mwaka 2021. Hoteli, shule na ofisi zinazojisifu kwa uwanja huo zingeshindwa nini kuagiza mfano mmoja mmoja kwa dogo? Mheshimiwa aliyeona ile ndege inafaa kukaa ofisini kwake tayari alikubali kwamba ina thamani. Alichokataa ni kulipa.

Wapo watakaosema, "Acheni kumjaza ujinga, wenzake wanatafuta hela machimboni, yeye anacheza na makopo." Hoja hiyo ina uzito, isikejeliwe. Mama yake mwenyewe hakumzuia, alimwambia tu, "Mwanangu, mikono unayo, ila hiyo ndege haijaleta unga." Mama ana haki. Nyumba hailishwi na laiki. Na kumwita dogo injinia ni kumdanganya pia: uinjinia wa ndege unasomewa miaka, kwenye vyuo kama NIT pale Mabibo. Asipewe cheo. Apewe oda. Apewe kipimio cha milimita, seti ya keeni nyembamba na bei ya haki, aamue mwenyewe kama ufundi huo utampeleka VETA, kwenye muvi au kwenye kibanda chake cha barabarani.

Kwa sasa yuko kwenye karasha, anasaga mawe ya dhahabu. Vumbi mpaka kwenye kope, na jirani pake watu wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu. Vidole vilivyokuwa vinafunga mkanda wa kiti kwa uzi wa kamba ya kiatu sasa vinabeba viroba. Ndege iko juu ya kabati, imefunikwa khanga. Betri ya tochi imekufa, dashibodi haiwaki.

Mchekeshaji amehamia kwa mtu mwingine wa kumcheka. Mheshimiwa naye ile picha bado iko kwenye ukurasa wake, maneno yale yale: injinia wetu wa kesho. Basi kesho ndiyo hii, na yuko karashani.

Siku ukikutana na fundi kama huyu mtaani kwenu, acha kumuuliza kama inaruka. Inama, chungulia ndani, halafu uliza maswali mawili tu: "Hii umeifanyaje?" na "Shilingi ngapi?"

Haya mdau, laki moja na nusu kwa ndege ile ni tamaa au ni haki yake? Dondosha komenti hapo chini, bila matusi.