Maharagwe Hayataki Moto wa Bahili

Juma lililopita nilijifunza jambo kwa aibu. Mke wangu alikwenda kumtazama mama yake, nami nikawapikia watoto maharagwe mekundu. Kwa kuogopa gharama ya makaa, niliyaacha juu ya moto hafifu tangu adhuhuri, pasipo kuchemka hata mara moja. Jioni yalikuwa bado magumu kidogo, nasi tukayala. Hazikupita saa tatu, watoto wote wakatapika, nami pamoja nao. Tulikesha.

Mke wangu aliporudi hakunigombeza, alinifundisha tu. Maharagwe mekundu yana sumu yake, nayo haiondoki ila kwa moto mkali.

Basi fanyeni hivi. Chagueni vikombe 2 vya maharagwe, myaloweke usiku kucha. Asubuhi myamwage maji yale, msiyapikie kamwe. Tieni maji mapya, myachemshe kwa nguvu muda wa dakika 30. Hapo ndipo moto waweza kupunguzwa mpaka yalainike kabisa. Kisha kaangeni kitunguu 1 na nyanya 2 kwa mafuta kidogo, mchanganye, mtie chumvi. Wapikao githeri nao wafuate njia hiyo hiyo.

Tena maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi, hivyo makaa hayapotei. Nilitaka kuokoa senti chache, nikawatesa wanangu. Bwana, kabla hujasema kwamba jikoni hakuna elimu, kaa kwanza karibu na mkeo, umtazame apikapo.