Mtoto Asiende Mtoni Peke Yake

Kila mwaka, mvua zinapokatika na shule kufungwa kwa likizo kubwa, jambo moja hujirudia katika mji wa Bujumbura na katika vijiji vilivyotandaa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Maji ya mito hupungua na kuwa maangavu, mchanga uliokuwa umefunikwa na mafuriko huonekana tena, na watoto huondoka nyumbani makundi kwa makundi kwenda kuvua samaki. Wengine hushika ufito wenye uzi na ndoana, wengine hubeba kipande cha chandarua. Wengi wao huenda bila ruhusa, na takriban wote huenda bila mtu mzima. Hilo ndilo jambo tunalopenda wasomaji wetu walitafakari pamoja nasi leo.

Wapo wazazi wanaodhani kwamba dawa ya jambo hili ni fimbo na makatazo. Hatukubaliani nao. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hupita karibu na nyumba za watu, na ambapo ziwa huonekana kutoka kila kilima, hawezi kuzuiwa asiyaendee maji. Akikatazwa mchana mbele ya mzazi, atakwenda wakati mzazi yuko kazini. Atakwenda kwa kujificha, na anayejificha huchagua mahali pasipoonekana, yaani mahali pa hatari zaidi. Swali basi si kama watoto wetu wataingia mtoni au la. Swali ni nani atakayekuwa pamoja nao siku watakapoingia.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Baba, mjomba au babu alimchukua mtoto ukingoni, akamkabidhi ufito na kumwonyesha namna ya kufunga ndoana, namna ya kumtunga nyungunyungu, na namna ya kukaa kimya. Lakini pamoja na ufito huo alimkabidhi elimu. Alimfundisha kupima kina kwa mti kabla ya kutia mguu. Alimfundisha kwamba maji yanayogeuka rangi kwa ghafla yanaleta habari kutoka milimani. Alimwonyesha nyayo za kiboko matopeni na kumwambia kwamba njia hiyo ina mwenyewe. Elimu hii haikuandikwa kitabuni, na mzazi asipoitoa, hakuna mwalimu wa shule aliyepangiwa kuitoa badala yake. Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi twaongeza kwamba mto ni mwalimu mkali, hautoi onyo mara mbili.

Na yaliyomo ndani ya maji haya yanastahili kufundishwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kilindi kikubwa. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake linalolishinda kwa kina. Lina aina za samaki zisizopatikana mahali pengine popote. Mvuvi wa usiku huwafuata ndagala na mukeke mbali na nchi kavu, lakini samaki wengi wengine hutaga na kulea kandokando, katika maji yale yale ya magotini ambamo watoto wetu hucheza. Kuna samaki ambao jike huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na hata baadaye vifaranga hukimbilia kinywani mwa mama yao wanapoona hatari. Yupo kuhe, samaki mkubwa anayejulikana na kila mvuvi wa mwambao huu, ambaye dume na jike husimama pamoja kuwalinda watoto wao, wala hawawaachi mpaka wapate nguvu. Mtoto aliyeonyeshwa mambo hayo kwa macho yake hatahitaji hotuba ndefu kuhusu hifadhi ya samaki. Sisi wazazi nasi tungefanya vyema kumtazama kuhe huyo na kujiuliza kama tunawalinda wetu kiasi hicho.

Hapa hatuna budi kusema wazi juu ya chandarua. Chandarua hutolewa ili kumkinga mtoto na mbu na malaria. Kukikata na kukiburuta ukingoni ni kosa mara mbili: kitanda kinabaki bila kinga, na ziwa linanyang'anywa vizazi vyake. Tundu la chandarua halichagui. Huzoa vifaranga vidogo kuliko kidole pamoja na mayai na majani yaliyowaficha, na kinachopatikana hakitoshi kitoweo cha mtu mmoja. Ndoana humchukua samaki mmoja, naye aliye mdogo aweza kurudishwa majini akiwa hai. Mzazi anayempa mwanawe ndoana badala ya chandarua amekwisha kumpa nusu ya somo.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na makao makuu ya mamlaka iliyoundwa kwa ajili hiyo yako hapa Bujumbura. Mwaka 2024 ndugu zetu wa Tanzania waliusimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Mikataba na amri za namna hii ni jambo jema, lakini hazitadumu ikiwa watu watakaozirithi hawakuwahi kufundishwa kumrudisha samaki mchanga majini. Kwa hiyo mzazi anayetaka kwenda kuvua na wanawe na aulize kwanza kwa wahusika wa uvuvi kama wakati huo unaruhusiwa, na awaeleze watoto sababu. Kungoja nako ni sehemu ya uvuvi.

Sasa tuzungumze juu ya hatari, maana hatupendi mtu asome maneno yetu akadhani kwamba kwenda mtoni ni matembezi tu.

Ya kwanza ni kichocho. Ugonjwa huu unajulikana sana katika bonde la Rusizi na kandokando ya ziwa. Kinyesi cha mgonjwa kikiingia majini, vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wa maji matamu, huzaliana humo, kisha hutoka na kuogelea wakimtafuta binadamu. Hupenya ngozi isiyo na kidonda chochote, tena kwa muda wa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na saa sita mchana na baada yake. Yatokanayo na elimu hii ni wazi. Tuvue asubuhi na mapema. Tusimame ukingoni badala ya kujitosa, na panapokuwa hapana budi kuingia, tuchague maji yanayokwenda, tuvae viatu vya mpira virefu, wala tusikae muda mrefu. Hata hivyo maji yanayokwenda si kinga kamili. Mtoto anayelalamika tumbo mara kwa mara, au anayeona damu katika choo, apelekwe kituo cha afya na mzazi aseme bila kuficha kwamba mtoto huyo huingia mtoni. Dawa ipo, nayo ni vidonge vya kumeza. Na zaidi ya yote, mtoto afundishwe kwamba majini si mahali pa kwenda haja. Akilizingatia hilo, amewakinga wenzake wote wanaoishi chini ya mto.

Ya pili ni wanyama. Katika delta ya Rusizi na kwenye mafunjo ya mwambao wapo mamba na viboko. Viboko hupanda nchi kavu jioni kula majani, na huwa wakali sana mtu anapokaa kati yao na maji. Hapo si mahali pa kumpeleka mtoto, hata kama baba yake ni mvuvi hodari. Jua linapoanza kushuka, ndoana zikunjwe na safari ya nyumbani ianze.

Ya tatu ni mto wenyewe. Mito yetu hushuka kutoka milima mirefu kwa mwendo mfupi sana. Mvua yaweza kunyesha juu wakati huku chini kuna jua, na maji yakafika kama ukuta. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 watu zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura kwa mafuriko ya namna hiyo. Kingo za Ntahangwa nazo hubomoka mwaka hata mwaka na kuchukua nyumba. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba majira ya kuvua na watoto ni kiangazi, si masika. Na hata wakati wa kiangazi, mtoto asikae juu ya ukingo uliochimbwa chini yake na maji. Kwenye ziwa, mahali penye miamba, hatua moja yaweza kuwa ya magotini na hatua ya pili ikawa haina mwisho. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Twajua wapo watakaotujibu kwamba mzazi wa mjini hana nafasi. Anaamka alfajiri, anarudi usiku, na Jumapili ana shughuli za harusi na misiba. Tunalielewa jibu hili, na wala hatulidharau. Lakini hatuombi kila siku. Asubuhi moja kwa wiki wakati wa likizo, watoto watatu au wanne wa majirani pamoja na mtu mzima mmoja asiyeondoa macho juu yao, inatosha kuanza. Wazee waliostaafu, ambao vijana wetu hupita mbele yao bila hata kuwaamkia vizuri, wangeweza kuifanya kazi hii kwa furaha. Wala tusiwaache binti zetu nyumbani. Ni wao hasa wanaotumwa kuteka maji na kufua nguo mtoni. Kama yuko mtoto anayehitaji kuujua mto na hatari zake, ni yeye.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye dhamana ya miji na mazingira. Mwaka 2012 sheria ya maji ya nchi hii iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usiojengwa wala kulimwa. Sheria hiyo iliwekwa kwa faida ya wote, na mtoto mwenye ndoana ni mmoja wao. Pale ambapo ukuta wa mtu mmoja umefika majini, mtoto wa mtaa husukumwa kwenda kuvua kwenye mdomo wa mfereji wa maji machafu. Pale ambapo takataka za soko humwagwa mtoni, tusishangae samaki wakikimbia na maradhi yakibaki. Tunaomba kingo zilizo wazi ziendelee kuwa wazi, vyoo vijengwe karibu na mahali wanapokusanyika watu wengi mwambaoni, na vibao viwekwe mahali panapojulikana kuwa na mamba na viboko. Mambo haya hayahitaji mali nyingi kama yanavyohitaji nia.

Samaki anayeletwa nyumbani na mtoto aweza kuwa mdogo, akawekwa katika chungu pamoja na mboga na kusahauliwa kesho yake. Lakini mtoto aliyemvua mbele ya baba yake au bibi yake atakuwa amejua kina cha maji, tabia ya mnyama, chanzo cha ugonjwa na haki ya samaki mchanga kuishi. Huyo atakapokuwa mtu mzima hatamwaga takataka mtoni, wala hatamwacha mwanawe aende huko peke yake. Ndugu wazazi, likizo si ndefu, na kiangazi hakingoji. Tuwashike mikono, twende nao.