Anayempiga mbwa mawe akang'atwa, atakuambia?

Mzazi mwenzangu, angalia mtaani kwenu jioni watoto wanapotoka shule. Mbwa koko akipita, nani anaokota jiwe kwanza? Mara nyingi ni mtoto wa darasa la pili au la tatu, wala hana ugomvi na yule mbwa. Ameona wakubwa wakifanya, na siku aliporusha la kwake watu walicheka.

Mbwa anahisi njaa, maumivu na hofu. Aliyezoea mawe humwona kila mtoto kuwa adui, na mbwa mwenye hofu hung'ata. Hapo ndipo panapotisha. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa jiulize: mwanao akimchokoza mbwa akang'atwa, atakuambia? Anajua swali la kwanza litakuwa "Ulimfanya nini?" na la pili huenda likawa fimbo. Atavuta soksi juu ya kidonda anyamaze, kidonda kitapona, na dalili zinaweza kuja wiki au hata miezi baadaye. Kwa hiyo mwambie leo, kabla halijatokea: ukikwaruzwa au kung'atwa, hata kama wewe ndiye uliyeanza, njoo uniambie, sitakuchapa. Kisha osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mkimbize hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Habari za kupaka kitunguu au majivu achana nazo.

Huruma yenyewe mtoto haipati kwa kuhubiriwa. Anakaa nyuma ya pikipiki na kuku wawili wananing'inia miguu juu, vichwa vinagonga spoki, na baba hajali. Sisemi tusile kuku. Mbebe kwenye tenga, na siku ya kumchinja kisu kiwe kikali. Mbwa wa ulinzi naye, anayefungwa mnyororo mfupi juani kutwa nzima bila maji, mtoto anamwona kila siku. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini askari hatakuja uani kwako kuangalia bakuli.

Mpe mtoto kazi ya bakuli hilo: kila asubuhi, kabla hajanywa chai yake, abadilishe maji ya mbwa na ya kuku. Mfundishe pia kwamba mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha haguswi. Nyumba zisizofuga mbwa kwa sababu ya dini hazina haja ya kumshika. Waislamu wanaijua habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kopo la maji nje ya geti linatosha.

Na kama unafuga, mchanje kila mwaka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usiisubiri. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako. Siku ya chanjo nenda na mtoto, amshike mbwa wake kamba, amtulize wakati sindano inaingia.