Picha ya IRM: tuitazame dawa ya chuma

Dada yangu mkubwa husafishwa damu kwa mashine hapa Bujumbura. Daktari alipotaka apigwe picha ya kichwa kwa IRM, mashine ya sumaku, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa hali ya figo, kabla hata ya bei. Dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri kwa kawaida ina gadolini, na figo ndizo huitoa mwilini. Tangu 2006 imejulikana kwamba aina zake za zamani zinaweza kukakamaza ngozi na viungo vya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Aina za sasa ni salama zaidi, ila madaktari bado huhadhari, na wana haki.

Mimi nafundisha fizikia, naishi mtaani Buyenzi, na naona tugeukie chuma badala ya gadolini. Mwaka 1988, nchini Ubelgiji, mtafiti Marcel De Cuyper na mwenzake Joniau walieleza jinsi ya kuzivika chembe ndogo mno za oksidi ya chuma tabaka mbili za mafuta, ya jamii ile ile inayojenga kuta za seli zetu. Bila vazi hilo chembe hushikamana zikawa mabonge; zikivikwa, huelea majini kila moja peke yake.

Hizo za mafuta bado ni kazi ya maabara. Zilizovikwa sukari zimetangulia: ferumoksitoli iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, watu kama dada yangu, na madaktari wakaitumia kwenye picha pia. Ini huipokea, na chuma chake huishia kutengeneza damu. Inaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo hutiwa polepole kwa dripu, mgonjwa akiangaliwa.

Kinachonipa hamu zaidi ni hiki: chembe hizi husumakika sana hata penye sumaku dhaifu, wakati gadolini husumakika kidogo zaidi kadiri sumaku inavyopungua nguvu. Mtafiti Waddington na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2020, kwa sumaku ya militesla 6.5 tu. Na mashine ya sumaku dhaifu ipo karibu nasi. Mwaka 2022, Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake waliunganisha moja ya militesla 50 kwa siku 11. Haitaki heliamu ya kuipoza, wala umeme mwingi, na sisi tunaokatikiwa umeme tunajua uzito wa jambo hilo.

Kabla ya mkataba wa mashine nyingine kubwa ya IRM kusainiwa, Chuo Kikuu cha Burundi kitume wanafizikia na mafundi Mbarara.