Jina lililokatwa kwenye karatasi ya marehemu



Novemba kwetu Kagera haikosi mambo mawili: senene na karatasi za marehemu. Senene huja na mvua, taa zikawaka nje hadi alfajiri. Karatasi hutoka kwenye jumuiya ndogo ndogo. Kila familia huandika majina ya wafu wake, mwenyekiti huyakusanya, nasi tunayaombea katika Misa za mwezi mzima. Mwaka huu, kwenye karatasi moja iliyotoka upande wa Muleba, nilikuta jina limekatwa kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa jina la Kiislamu.

Nilipomuuliza mwenyekiti, alijibu bila wasiwasi: "Baba Padri, huyo alikuwa Mwislamu. Kule aliko sala zetu hazimfikii." Siku mbili baadaye akaja mama mwenyewe aliyeliandika, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Marehemu ni kaka yake wa tumbo moja. Hakuja kulalamika juu ya kalamu nyekundu. Aliketi, akanyamaza kidogo, akauliza: "Baba Padri, kaka yangu yuko wapi?"

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani hilo ni swali la darasani. Buhaya tunazika kwenye kibanja, karibu na nyumba. Ukoo ni mmoja, dini ni mbili au tatu, na makaburi yako pamoja chini ya migomba: hili lina msalaba na saruji, lile ni tuta la udongo tu, limelazwa kwa kufuata Kibla. Uislamu kwetu si mgeni wa jana. Wamisionari wa Afrika walipofika Kashozi mwaka 1892, wafanyabiashara Waislamu walikuwa wameshazoea njia ya Karagwe kwa miaka mingi. Stanley alipopita Kafuro mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim amekwisha kujenga na kutulia. Kwa hiyo yule mama akifagia asubuhi, anafagia kati ya mume wake Mkristo na kaka yake Mwislamu. Anataka kujua kama siku moja watakutana.

Nilipochimba zaidi nikagundua kalamu ile nyekundu ilikuwa na historia. Mume wa mama alipofariki miaka mitatu iliyopita, mtoto wa yule kaka alichimba kaburi, akabeba jeneza, akachangia chakula cha wafiwa. Ibada ilipoanza akasogea pembeni, akasimama kwenye migomba mpaka tulipomaliza. Hakuitikia amina hata moja. Ndugu waliliona hilo wakaliweka moyoni. Mwenyekiti wa jumuiya ni mmoja wao. Jina la baba yake kijana lilipotokea kwenye karatasi, deni likalipwa.

Hapa naomba tutulie, maana wengi wetu tunazungumza juu ya imani ya Waislamu bila kuijua. Tunasema wao wanaokolewa kwa hesabu tu, mema upande huu na mabaya upande ule, kama mizani ya buni. Ni kweli wanaamini mizani ya Siku ya Kiama. Ila katika Hadithi zilizomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume wao anafundisha kwamba hakuna atakayeingia Peponi kwa matendo yake, hata yeye mwenyewe, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema. Ipo pia habari ya mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa sababu alimteremshia mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Mkristo aliyezoea kusikia habari ya mwenye dhambi aliyelia miguuni pa Yesu hapaswi kuiona hiyo kuwa ngeni.

Je, ni nani ataingia? Hapo wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Sura ya pili ya Kurani, aya ya 62, inawataja walioamini, Mayahudi, Wakristo na Wasabai: anayemwamini Mungu na Siku ya Mwisho na kutenda mema ana ujira wake kwa Mola. Sura ya tatu, aya ya 85, inasema anayetafuta dini isiyo Uislamu haitakubaliwa kwake. Wanazuoni wengi husoma ya kwanza kuwa inawahusu hasa waliotangulia kabla ya Muhammad. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitazama mbali zaidi. Aliwagawa wasio Waislamu: wasiopata kamwe habari za Mtume, waliosikia habari zake zikiwa zimepotoshwa, na waliozipata sawasawa wakazikataa kwa ukaidi. Makundi mawili ya kwanza aliyaachia rehema ya Mungu. Hata kuhusu Mwislamu mwenye dhambi kubwa hawalingani. Wasunni, ambao ndio wengi hapa nchini, wanatumaini kwamba mwenye imani hatimaye atatolewa motoni, lakini Waibadhi, madhehebu ya Omani, wanafundisha kwamba anayekufa bila kutubu dhambi kubwa hubaki humo.

Na yule kijana kwenye migomba? Sura ya Tawba, aya ya 113, inawazuia kuwaombea msamaha washirikina baada ya kubainika kuwa ni watu wa motoni, hata wakiwa jamaa wa karibu. Wanazuoni wao walio wengi wanalipanua katazo hilo kwa kila aliyekufa nje ya Uislamu. Kutoa pole, kuchimba, kubeba na kulisha wafiwa havimo katika katazo. Kijana alifanya yote aliyoruhusiwa, akaishia pale ruhusa yake ilipoishia. Tulihesabu dakika alizosimama pembeni, tukasahau jembe alilolishika tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Sisi nasi tusijifanye tulizaliwa na moyo mpana. Msemo kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu ni wetu, tangu Mtakatifu Sipriani wa Karthago, na tumeutumia kama fimbo. Lakini Padri Leonard Feeney wa Boston alipoushikilia kwa maana ngumu kabisa, ni Roma yenyewe iliyomsahihisha kwa barua ya mwaka 1949, na alipokataa kutii akatengwa na Kanisa mwaka 1953. Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwana wetu Laurean Kardinali Rugambwa alikuwamo kati ya mababa wa Mtaguso, akiwa Askofu wa Bukoba, wakati maaskofu walipopitisha mafundisho ya Lumen Gentium mwaka 1964 na Nostra Aetate mwaka 1965. Humo Kanisa linawataja Waislamu kwa jina: wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye rehema, na mpango wa wokovu unawagusa nao. Linasema pia kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kuokolewa.

Sisemi dini zote ni sawa. Atakayesema hivyo atawakosea Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Kwetu, kila anayeokolewa anaokolewa na Kristo aliyesulubiwa, hata kama hakumjua kwa jina. Kurani inakana msalaba huo, na kumwita Yesu Mwana wa Mungu ni jambo ambalo Mwislamu hawezi kulikubali bila kuacha kuwa Mwislamu. Tofauti hiyo haiondolewi kwa kunywa chai pamoja. Nilimweleza hivyo shehe mmoja rafiki yangu hapa Bukoba mjini: "Wewe ukifika mbinguni, utakuta aliyekufikisha ni Kristo." Akacheka. "Nawe padri ukiingia Peponi, utagundua ulikuwa Mwislamu siku zote, hukuambiwa tu." Tulimaliza kahawa yetu, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kwa mwenyekiti nilikwenda na Mathayo sura ya 25, ile ya njaa, kiu na ugonjwa. Nikamwambia pia kwamba katika mkusanyo wa Hadithi wa Muslim ipo habari inayokaribia sana hiyo: Siku ya Kiama Mungu atamwambia mwanadamu kwamba aliugua naye hakumtembelea, aliomba chakula naye hakumpa. Mwenyekiti alishangaa, akauliza kama sijabadili dini.

Nikamuuliza alikuwa wapi mwaka 1996. Swali hilo kwetu halihitaji maelezo. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21 ile karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu wetu, na wengi wamelala Igoma bila kutambuliwa. Nani aliwatenganisha pale, huyu wa msalaba na huyu wa Kibla? Kila mwaka sala za dini zote mbili zinapita juu ya makaburi yale yale. Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani na watu 19 wakafa, tulisimama uwanja wa Kaitaba, mashehe na viongozi wa Kikristo, mbele ya majeneza yaliyopangwa pamoja. Sikumsikia mtu siku ile akitangaza nani anafikiwa na sala na nani hafikiwi. Alinyamaza, akasema tu kwamba binamu yake alikuwa kwenye ile meli.

Lazima niseme na langu. Nikiwa padri kijana, mwanamume mmoja aliniomba Misa kwa ajili ya mama yake Mwislamu. Nilimjibu haraka, kwa maneno ya vitabuni, kwamba Misa haiwezekani. Sheria ya Kanisa haikunikataza, nilikuwa sijaisoma vizuri. Hakurudi tena kanisani kwa muda wote niliokaa parokia ile. Kwa hiyo mama wa Muleba hakupata jibu la haraka. Nilimwambia sijui kaka yake yuko wapi, na Kanisa halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni, wala halikunipa mimi kazi hiyo. Nikamwambia sala yake haipotei. Kama mpwa wake hawezi kuirudisha, asimdai. Katika nyumba ile yeye ana ruhusa ya kuomba, basi aombe kwa niaba ya wote wawili.

Jina niliandika tena kwa mkono wangu. Jumapili iliyofuata katekista alilisoma pamoja na mengine, akalitamka vibaya kiasi kwamba watoto wa mbele walicheka. Jioni mama alimsimulia mpwa wake. Kijana akataka amrudilie jinsi katekista alivyolitamka. Aliposikia akacheka mpaka akajifuta macho, akasema baba yake angesimama pale pale kanisani kumsahihisha. Kisha akauliza kama Jumapili ijayo watalisoma tena, ili ampigie katekista simu mapema amfundishe kulitamka.